Kabla hujakanyaga jukwaa: maneno ya maigizo na namna ya kuyaweka mwilini

Kwenye kikundi chetu alikuja binti mmoja wa form two, sauti anayo, macho yanaongea, yaani ukimwona tu unajua huyu kaumbiwa jukwaa. Siku yake ya pili mwongozaji akamwambia, "ukisikia kyuu ya hodi ingia, krosi uje daunsteji kushoto, shika biti, ndo utoe laini yako." Binti akasimama palepale. Akarudiwa kwa sauti kubwa zaidi, maneno yaleyale, kama vile shida ilikuwa masikio. Wiki iliyofuata hakuja na mpaka leo hajarudi. Mi nilikuwa pembeni nimeshika skripti, maana ya kila neno pale nilikuwa naijua na sikufungua mdomo, na bado inaniuma, manake tulimpoteza mtu kwa maneno machache ambayo ningeweza kumwelekeza kwa dakika kumi na kipande cha chaki.

Kwaiyo haya ninayoandika ndo zile dakika kumi, nimezirefusha tu. Ni kwa yeyote anayetaka kuingia kikundi cha maigizo, kiwe cha shule, cha kanisani, cha madrasa, cha mtaani, au anaenda odisheni, yaani kujaribiwa kabla ya kuchaguliwa kuigiza, na hataki kubaki ameduwaa. Siyapangi kwa herufi kama kamusi, hayo hayakai kichwani. Nayapanga vile utakavyokutana nayo toka unakabidhiwa karatasi mpaka unainama watu wakipiga makofi, alafu nitakuambia ufanye nini na mwili wako, kwasababu neno la jukwaani ukilijua kwa kichwa tu bado hujalijua.

Kitu chenyewe kinaitwaje

Mtaani ukisema tamthilia watu wanafikiria ile ya Kituruki ya usiku kwenye tivii. Mwalimu wa fasihi akisema tamthilia anamaanisha maandishi, yaani mchezo ulioandikwa kwa mazungumzo ya wahusika, unaweza kuushika mkononi ukausoma peke yako kitandani. Mkiuchukua ule mchezo mkausimamisha mbele ya watu hapo unakuwa igizo, au mchezo wa kuigiza, wengi tunasema mchezo tu. Fani nzima ndo sanaa za maonyesho, na Wakenya wengi wao wanasema drama tu basi. Sasa angalia neno "onyesho" manake lina sura mbili: mkisema "onyesho letu ni Jumamosi" ni shoo yenyewe, ila kwenye kitabu "onyesho la pili" ni kipande cha mchezo, pale mahali au wakati unapobadilika. Maonyesho kadhaa yakikusanywa pamoja yanafanya tendo, au sehemu, inategemea mwandishi kapendelea lipi. Kwenye filamu kale kakipande ndo sini.

Aina za michezo nazipita haraka. Tanzia ni mchezo unaomalizikia kwenye maangamizi ya mhusika mkuu, na hili neno nalipenda kwasababu hatuhitaji kufundishwa uzito wake, sote tunajua moyo unavyoshtuka ukifungua grupu la WhatsApp ukakuta TANZIA kwa herufi kubwa. Ramsa na futuhi ni michezo ya kuchekesha, mtaani vichekesho au komedi. Ikichanganya kilio na kicheko wanaita tanzia-ramsa. Mwigizaji anahitaji kujua hii mapema, sio kwa ajili ya mtihani, ni kwasababu ukiingia kwenye tanzia na mwendo wa komedi unakibomolea kikundi kizima mchezo.

Na hapa niseme kitu. Kuna watu watakukemea eti kyuu, blokingi, propsi sio Kiswahili. Wengine watakucheka ukisema maleba badala ya kostyumu. Usisikilize upande wowote, jua yote mawili. Mtihani utataka maleba, mazoezini utaambiwa "leta kostyumu yako kesho", na ni nguo zilezile za mhusika. Kiswahili chenyewe jukwaa kinalibeba vizuri kabisa, Mwalimu Nyerere alilithibitisha alipomtafsiri Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na uangalie hilo neno mabepari alivyolichagua, angeweza kusema wafanyabiashara tu na asingekosea, lakini neno moja likabadilisha jinsi unavyomwangalia kila mtu kwenye ule mchezo. Mwaka huohuo 1969 ndo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ikachapishwa, vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ndani ya Kiswahili kitupu. Kwaiyo lugha haina tatizo, tatizo ni sisi kutokuelezana.

Watu utakaowakuta

Mwigizaji ni wewe, mwenye jina lako na nauli yako ya daladala. Mhusika ni yule unayemwigiza. Watu wanachanganya haya kila siku, na madhara yake ni kwamba mtu akicheza mwizi vizuri mtaani anaitwa mwizi. Kumbeba mhusika vizuri kunaitwa kuvaa uhusika, na hii "kuvaa" naomba uichukue kama ilivyo: nguo unaivaa, unaivua, unaitundika, unarudi nyumbani. Ukicheka au ukapunga mkono kwa rafiki yako aliye kwenye viti wakati mchezo unaendelea umetoka kwenye uhusika, na hilo ni kosa ambalo watazamaji wanaliona kabla hata mwongozaji hajaliona.

Mhusika mkuu tunamwita steringi, neno la toka enzi za mikanda ya video, na anayepambana naye ni adui. Wenye vitabu wanasema mhusika mkuu na mpinzani wake. Ukishindwa kujua nani steringi kwenye mchezo usihesabu maneno yake, angalia nani anataka kitu kwa nguvu zaidi na mambo yanabadilika kwa ajili yake.

Mwongozaji au dairekta, Kenya utasikia pia mwelekezi, ndo anayeamua mchezo uonekane vipi. Mtunzi ndo aliyeandika. Meneja wa jukwaa, au stejimeneja, anashika kila kitu siku ya shoo: nani aingie saa ngapi, taa gani iwake, kigoda kiko wapi. Vikundi vidogo havina mtu huyu na ndo maana vinahangaika, kama mko watano mpeni mmoja hii kazi tu, msimpe na kuigiza. Na kuna mkumbushaji, wengine wanamwita promta, anakaa pembeni na skripti anakunong'oneza ukipotea. Ukipotea usimgeukie na macho makubwa. Baki kwenye uhusika, fanya kitu kidogo, kaa, nyanyua kikombe, yeye anajua, atakurushia maneno mawili matatu ya kukuanzisha.

Kalamu ya risasi kwenye skripti

Skripti, au mswada, ndo karatasi utakayopewa. Nitumie kipande tulichotunga wenyewe kwenye kikundi, nitakirudia mpaka mwisho:

(Chumba kimoja. Kitanda nyuma, kigoda mbele, ndoo ya maji pembeni. MAMA REHEMA anakunja nguo. REHEMA kajilaza kitandani anasoma.)

MZEE KOMBO: (sauti kutoka nje) Hodi humu ndani!

MAMA REHEMA: (anasita, anaficha pochi chini ya nguo) Karibu mzee wangu.

MZEE KOMBO: (anaingia, hakai) Naona leo mmepika pilau.

MAMA REHEMA: Harufu ya kwa jirani hiyo, mzee.

REHEMA: (bila kuinua kichwa) Shikamoo babu.

MZEE KOMBO: Marahaba mjukuu wangu. Mwezi umeisha huu.

Yale yaliyo kwenye mabano ni maelekezo ya jukwaani. Hayasemwi, yanafanywa. Usicheke, nimeshaona mtu anasoma kwa sauti "anasita" kwenye odisheni, na hakuwa mjinga, hakuna aliyewahi kumwambia tu. Maneno yanayosemwa ndo laini, au mistari, na kuongea kwenyewe kwa wahusika wawili au zaidi ni mazungumzo, shuleni wanasema dayalojia.

Kaa chini na kalamu ya risasi, sio peni, manake mambo yatabadilika. Laini zako zote ziwekee alama pembeni. Alafu, na hiki ndo wanaoanza wanakisahau, pigia mstari maneno matatu ya mwisho ya mtu anayeongea kabla yako. Hiyo ndo kyuu yako, yaani ile ishara inayokuambia sasa ni zamu yako. Kama unacheza Mama Rehema kyuu yako ya kwanza ni "hodi humu ndani". Ya pili ni "leo mmepika pilau". Ukikariri laini zako bila kyuu umekariri nusu, utafika jukwaani unajua useme nini ila hujui useme lini, utadandia maneno ya mwenzio au utaacha shimo la kimya mpaka watu waanze kukohoa. Kyuu sio lazima iwe neno. Inaweza ikawa mlango kugongwa, taa kuzimika, mtu kuweka ndoo chini. Siku ya shoo stejimeneja ndo anawapa watu wa taa na wa muziki kyuu zao, kwetu anasema "tayari" alafu "sasa", na hilo neno "sasa" hatulitumii kabisa nyuma ya jukwaa kwa kazi nyingine, usije ukamwambia mwenzio "twende sasa" mtu akazima taa.

Kuna vikundi vingi vya mtaani havina skripti kabisa, wanakubaliana stori inaanzia wapi inaishia wapi alafu wanajenga maneno wakiwa wamesimama. Huko ni kuimpruvaizi, kubuni papo kwa papo. Sio njia ya wavivu kama watu wanavyodhani, ni ngumu sana, sheria yake kubwa ni kupokea alichotoa mwenzio na kuongezea, akisema "mama umerudi toka hospitali" usimkatalie ukasema sikwenda hospitali, umemuua hapohapo.

Jukwaa lenyewe, na chaki

Hapa ndo pale yule binti alipokwama, ngoja nikae kidogo.

Jukwaa au steji lina mbele na nyuma, kulia na kushoto, ila hivyo vinne sio unavyoviona wewe ukiwa umekaa kwenye kiti. Vinahesabiwa kwa mwigizaji akiwa amesimama anawaangalia watazamaji. Kulia kwa jukwaa ni kulia kwako wewe mwigizaji, kwa mtazamaji ni kushoto. Alafu karibu na watazamaji ni daunsteji, yaani chini au mbele, na kule mbali nao ni apsteji, juu au nyuma. Kwanini juu na chini wakati sakafu ni sawa? Kwasababu kumbi nyingi za zamani kule Ulaya zilijengwa kwa mteremko, nyuma pamepanda mbele pameshuka, ili waliosimama nyuma nao waonekane. Mteremko sehemu nyingi umeondoka, neno limebaki.

Chukua chaki, au kijiti kama ni uwanja wa mchanga. Chora boksi kubwa, ligawanye mistari miwili kwenda chini na miwili ya kukatiza, upate vyumba tisa. Weka kiti mahali watazamaji watakapokaa. Simama chumba cha katikati, angalia kiti, nyanyua mkono wa kulia, sema "kulia kwa jukwaa", tembea uende. Rudi kati. Mwambie mwenzio awe anakuitia, daunsteji kushoto, apsteji kati, kulia kati, we unaenda bila kufikiri, na kila ukifika rudi uangalie kiti. Baada ya dakika tano aanze kukuitia ukiwa umekipa kiti mgongo. Hapa ndo wengi wanaanguka, wanadhani ukigeuka kulia nako kunageuka. Hakuhami. Kulia kwa jukwaa kuko palepale hata ukilala chali, kama vile kibla hakihami kwasababu we umegeuka.

Ukiliweza hilo, yale maneno ya mwongozaji yanakuwa mepesi. Krosi ni kutoka sehemu moja ya jukwaa kwenda nyingine. Blokingi ni mpangilio mzima wa nani anasimama wapi, anatembea lini, anakaa kwenye neno gani, na inaandikwa kwenye skripti kwa kifupi ili kesho usiibuni upya. Kwa hiyo "krosi uje daunsteji kushoto, shika biti, toa laini" maana yake: tembea uje mbele upande wako wa kushoto, tulia kidogo, ongea. Ndo hicho tu kilichomfukuza yule mtoto.

Pembeni mwa jukwaa kuna mafichio mnaposubiria zamu, wengine wanaita mbawa au wingi, na nyuma kote ni bekstejini. Sheria ya pale ni moja: ukimwona mtazamaji, na yeye anakuona. Usichungulie kuhesabu watu.

Sasa haya yote ni ya jukwaa la mbele kwa mbele, lile lenye pazia na fremu kama la Kenya National Theatre pale Nairobi, lililofunguliwa 1952. Ila asili yetu wengi ni uwanja wa duara, ngoma katikati watu wamezunguka pande zote, na huko kulia na kushoto hakukusaidii chochote. Mnatumia vitu vinavyoonekana: upande wa mwembe, upande wa mlango, upande wa mama ntilie. Na kwenye duara kumpa mtu mgongo hakukwepeki, kwaiyo unajifunza kuzunguka kidogokidogo, na mgongo wako nao uwe unaigiza. Ukipata nafasi ya kwenda Bagamoyo, pale TaSUBa, chuo kilichoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, nenda kaangalie watu wanaotoka kwenye ngoma wanavyotumia miguu yao kwenye igizo, utaelewa ninachosema kuliko nikiandika kurasa kumi.

Vitu vilivyo chini ya maneno

Rudi kwa Mzee Kombo, yule mwenye nyumba. "Naona leo mmepika pilau." Hivi anazungumzia pilau? Hazungumzii pilau hata kidogo. Anasema hela mnayo, kodi yangu iko wapi. Hiyo maana iliyofichwa chini ya maneno ndo wanaita sabteksti, na mi kwenye mazoezi naiita fumbo tu na kila mtu ananielewa mara moja, manake sisi ni watu wa mafumbo toka tumezaliwa. Mtu anavaa kanga yenye maandishi anapita mbele ya mlango wa jirani bila kufungua mdomo na ugomvi mtaa mzima umeujua. Taarabu nusu yake ni hiyo. Kwaiyo usiambiwe hiki ni kitu kigumu cha vyuoni, unakijua, ulilelewa nacho, ila kwenye skripti inabidi ukitafute kwa makusudi. Chukua kalamu yako, chini ya kila laini andika kwa maneno mabaya kabisa, ya wazi, kile mhusika angesema kama asingekuwa na aibu. Chini ya "harufu ya kwa jirani hiyo, mzee" tukaandika "sina, nakuomba usiniulize mbele ya mtoto". Dada anayecheza Mama Rehema aliposoma hayo maandishi alafu akarudia laini yenyewe sauti yake ilishuka, hakuambiwa aishushe.

Kinachoendana na hilo ni lengo, yaani mhusika anataka nini. Aliyeliweka hili vizuri ni Mrusi Konstantin Stanislavski, ambaye 1898 alianzisha na mwenzake ule ukumbi maarufu wa sanaa wa Moscow. Alikuwa anawataka waigizaji wajiulize: kama mimi ningekuwa kwenye hali hii ningefanya nini? Kiswahili kina hiyo "kama" ndani ya kitenzi chenyewe, -nge-. Ningekuwa nadaiwa miezi miwili, mwenye nyumba amesimama hakai, mtoto anasikia, ningefanyaje? Jibu liwe kitendo sio hisia. Usiandike "nina huzuni", huzuni haiigiziki, utabaki unakunja uso. Andika "nataka aondoke kabla hajaiona pochi". Hapo mwili unajua cha kufanya wenyewe.

Alafu biti. Neno hili lina maana mbili na lazima uulize mwongozaji wako anatumia ipi. Ya kwanza ni kituo kifupi, pumzi moja hivi. Ya pili ni kipande cha onyesho ambacho lengo ni lilelile, na likibadilika biti mpya imeanza. Kwenye mfano wetu mistari ya pilau na salamu ni biti moja, wanazungukana kwa adabu. Baada ya "marahaba mjukuu wangu" chora mstari wa kalamu, kwasababu "mwezi umeisha huu" ni biti nyingine, adabu imeisha. Na uone shikamoo ya mtoto ilivyokaa katikati, mzee hawezi kuiruka, lazima aitikie kwanza ndo aendelee kudai. Mwigizaji wa Mzee Kombo akiitikia harakaharaka anakuwa mkali, akiitikia taratibu kwa upendo wote alafu akageuka, anatisha zaidi.

Na mikono je? Kitu unachofanya jukwaani huku unaongea tunakiita shughuli. Mama Rehema anakunja kanga. Kama anaikunja kwa mwendo uleule mwanzo mpaka mwisho ile kanga haina kazi. Sisi tulikubaliana mzee akitaja pilau mikono inasimama, akitaja mwezi anaifungua kanga iliyokwisha kunjwa na kuanza kuikunja upya. Hakusema kitu na watu wote wakaelewa hela hakuna. Ile kanga, ile pochi, ile ndoo, vyote mwigizaji anavyoshika ni vifaa vya jukwaani, propsi. Kitanda na ukuta ni mandhari, au seti. Ufanye mazoezi na propsi ya kweli mapema, pochi yenye zipu inayogoma utaijua leo sio siku ya shoo.

Ukiongea peke yako

Maneno marefu ya mhusika mmoja ni monologi, hata kama wengine wapo wanamsikiliza. Mhusika akiwa peke yake anatoa ya moyoni, hiyo ni uzungumzi nafsia, hili linapendwa sana kwenye mitihani. Na akigeuka akawaambia watazamaji kitu ambacho wenzake jukwaani "hawakisikii", skripti itaandika kando. Odisheni nyingi watakuomba monologi ya dakika moja au mbili, uwe nayo kichwani siku zote, chagua ya mtu wa umri wako.

Utasikia pia ukuta wa nne. Chumba kina kuta tatu zinazoonekana, ya nne ni ya kufikirika, iko kati yako na watazamaji, unaigiza kama hawapo. Mfaransa Diderot alishaliandika wazo la huo ukuta 1758. Lakini kwetu mtambaji wa hadithi anaanza na "paukwa" na watu wanajibu "pakawa", ukuta haujawahi kuwepo, na ukienda kuigiza uswahilini utaukuta haupo bado. Tulipoonyesha huu mchezo mama mmoja alisimama akapiga kelele "pochi inaonekana hiyo, ificheee!" Mwigizaji wetu hakucheka na hakumjibu, aliisogeza tu pochi ndani zaidi ya nguo, uwanja mzima ukapiga vigelegele. Huko ndo kushikilia uhusika, na sio kuwadharau watu walioongea.

Maneno ya kukosolewa nayo uyajue usije ukadhani unatukanwa. Kuovaakti ni kuzidisha, mtu analia kwa mabega. Kuuza sura ni kuwepo jukwaani ili uonekane tu. Kumeza maneno ni mwisho wa sentensi kutosikika, dawa yake mweke mtu mita ishirini mbali umwambie siri bila kupiga kelele mpaka aisikie yote, pumzi itoke tumboni.

Wiki ya mwisho

Mazoezi yanaanza na kusoma mezani, mmekaa wote mnasoma skripti bila kuigiza. Halafu blokingi. Inafika siku mwongozaji anasema "kesho bila karatasi", utalia, ni kawaida. Mkipita mchezo mwanzo mwisho bila kusimama wanaita ran. Zoezi la taa na sauti ni la mafundi, mwigizaji kazi yake ni kusimama na kurudia sehemu ileile hata mara nane na kunyamaza. Mwisho kuna zoezi la mavazi, maleba na mekapu zote, mnacheza kama watu wapo. Vaa viatu vya mhusika wiki nzima kabla, usisubiri siku hiyo, viatu vinabadilisha mwendo kuliko kitu kingine chochote.

Mchezo ukiisha taa zitazimika kabisa, giza. Usihame. Hesabu moja mbili tatu, taa zikiwaka mnatoka kutoa heshima, wenye sehemu ndogo kwanza, Rehema, Mzee Kombo, wa mwisho Mama Rehema. Shikaneni mikono, aliye katikati ndo anaongoza, akishuka mnashuka, macho chini, akiinuka mnainuka. Nyosheni mkono kule waliko watu wa taa nao wapigiwe makofi. Alafu mtoke kwa kutembea, bado mnaonekana mpaka pazia lifungwe.